Kutafuta kwa LIKE bila kusoma jedwali zima: mwongozo wa PostgreSQL

Karani wa ghala la dagaa pale Mwaloni Kirumba anaandika herufi chache kwenye kisanduku cha kutafutia, anabonyeza, halafu anasubiri. Mteja wa Kongo amesimama na stakabadhi mkononi, wapagazi wameshabeba magunia, na kompyuta haijajibu. Programu hiyo hiyo ilikuwa nyepesi ilipokuwa na kumbukumbu za msimu mmoja. Sasa jedwali limefika mistari milioni, na kila anayetafuta jina kwa LIKE (neno la SQL la kulinganisha maandishi na ruwaza, ambamo `%` husimama badala ya herufi zozote) anailazimisha hifadhidata ya PostgreSQL isome mistari yote milioni. Wengi hapo hukimbilia kununua seva kubwa. Fedha hiyo inaweza kubaki mfukoni, maana tatizo hili kwa kawaida linatibika kwa indeksi mbili tatu zilizowekwa kwa kufikiri.

Indeksi ya kawaida, ile inayoitwa B-tree, ni maneno yaliyopangwa kwa mfuatano, kama daftari la mwenye ghala lililopangwa kuanzia A mpaka Z. Ukimpa herufi za mwanzo wa jina, anafungua ukurasa husika na kuanzia hapo. Ukimwambia kwamba unakumbuka herufi za katikati tu, mpangilio ule haumsaidii na itabidi apitie daftari lote. Kwa sababu hiyo, kabla hujaandika amri yoyote, kaa na makarani uone wanaandika nini hasa. Mmoja huandika mwanzo wa jina la muuzaji. Mhasibu huandika tarakimu nne za mwisho za stakabadhi, kwa kuwa za mwanzo zinafanana zote. Msimamizi anakumbuka jina la pili peke yake. Hayo ni maswali matatu tofauti: la mwanzo, la mwisho na la katikati, na kila moja lina indeksi yake.

Jedwali la kujaribia

Usijaribu haya kwenye hifadhidata inayofanya kazi. Tengeneza jedwali lako kwenye kompyuta yako kwanza:

```sql
CREATE TABLE mapokezi (
  id bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  tarehe date NOT NULL,
  muuzaji text NOT NULL,
  stakabadhi text NOT NULL UNIQUE
);

INSERT INTO mapokezi (tarehe, muuzaji, stakabadhi)
SELECT date '2024-01-01' + (n % 600),
       (ARRAY['Masanja','Masalu','Mabula','Malimi','Nyanda',
              'Ng''wandu','Ng’wandu','Ngwandu'])[1 + (random()*7)::int]
         || ' ' || substr(md5(n::text), 1, 6),
       'MZA_' || lpad(n::text, 7, '0')
FROM generate_series(1, 1000000) AS n;

VACUUM ANALYZE mapokezi;
```

Zile herufi za md5 zinasimama badala ya jina la pili, ili majina yasifanane yote. Jina Ng'wandu nimeliandika kwa namna tatu makusudi, tutalirudia.

Usijaribu na mistari mia mbili. Jedwali dogo PostgreSQL italisoma lote hata kama lina indeksi nzuri, na itakuwa sahihi kufanya hivyo, kwa sababu kusoma kurasa chache moja kwa moja ni haraka kuliko kupitia indeksi. Na hili lina upande wake wa pili: kama wauzaji wako ni elfu tatu, na wanajirudia kwenye stakabadhi milioni, waweke kwenye jedwali lao wenyewe na utafute humo. Huenda usihitaji lolote kati ya yanayofuata.

Tazama kabla ya kutibu

Andika EXPLAIN, amri inayoonyesha hifadhidata inavyolitekeleza swali, mbele ya swali lako, na si la kukisia, bali lile lile linalotumwa na programu:

```sql
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
SELECT * FROM mapokezi WHERE stakabadhi LIKE 'MZA_00441%';
```

Ukiona `Seq Scan` au `Parallel Seq Scan`, jedwali zima limesomwa. Mstari wa `Filter` utaonyesha alama `~~`. Hiyo ndiyo LIKE kwa jina la ndani, na `~~*` ni ILIKE, ndugu yake asiyejali herufi kubwa na ndogo. `Rows Removed by Filter` inakuambia ni mistari mingapi imesomwa bure. `Buffers` inahesabu kurasa zilizoguswa, kila moja kilobaiti 8 kwa mpangilio wa kawaida. Mimi naiamini namba hii ya kurasa kuliko muda, maana muda hubadilika kutegemea kama data ilikuwa tayari kwenye kumbukumbu, wakati kurasa zinaeleza kazi yenyewe.

Indeksi ipo, mbona haitumiki?

Hapa ndipo wengi wanakwama. Safu ya `stakabadhi` tumeiwekea UNIQUE, yaani isijirudie, kwa hiyo indeksi tayari inayo. Ruwaza yetu inaanza na herufi zinazojulikana. Bado kwenye seva nyingi utaona Seq Scan.

Sababu ni mpangilio wa lugha. Hifadhidata nyingi huundwa na mpangilio kama en_US.UTF-8, ambao hulinganisha maneno kwa kanuni za lugha: alama za uandishi na herufi kubwa na ndogo hupewa uzito wake wa pekee. Kwa kanuni hizo hakuna hakikisho kwamba maneno yote yanayoanza na herufi fulani yatakaa pamoja, na PostgreSQL haiwezi kubahatisha. Angalia wa kwako:

```sql
SELECT datcollate FROM pg_database WHERE datname = current_database();
```

Jibu likiwa C au POSIX, indeksi ya kawaida inatosha kwa LIKE. Likiwa jingine, weka indeksi inayolinganisha herufi kwa herufi bila kujali lugha:

```sql
CREATE INDEX mapokezi_stakabadhi_mwanzo
  ON mapokezi (stakabadhi text_pattern_ops);
```

Kama safu yako ni varchar, lipo `varchar_pattern_ops`. Indeksi hii inahudumia LIKE ya mwanzo na usawa wa `=`. Haisaidii ORDER BY ya kawaida wala ulinganisho wa `<` na `>`, kwa hiyo usiifute ile ya UNIQUE kwa kudhani umepata mbadala.

Rudia EXPLAIN. Indeksi inaweza kuonekana sasa, lakini soma vizuri: masharti yake yataanzia 'MZA' na kuishia kabla ya 'MZB'. Yaani indeksi yote! Kosa ni ile alama ya mstari wa chini. Ndani ya LIKE, `_` maana yake ni herufi moja yoyote, kwa hiyo mwanzo unaojulikana unaishia kwenye MZA, na stakabadhi zote zinaanza hivyo. Ikinge kwa mkwaju wa nyuma:

```sql
SELECT * FROM mapokezi WHERE stakabadhi LIKE 'MZA\_00441%';
```

Sasa masharti yatakuwa hivi, na kurasa zinazoguswa zitashuka sana:

```
Index Cond: ((stakabadhi ~>=~ 'MZA_00441') AND (stakabadhi ~<~ 'MZA_00442'))
```

Watu hupenda kuweka `_` kwenye namba za stakabadhi, za mitumbwi na za wateja. Kama unaanza mfumo mpya, tumia kistari cha kawaida na tatizo hili hutaliona.

Tarakimu za mwisho

Mhasibu anayetafuta '%4417' hawezi kusaidiwa na indeksi iliyopangwa kwa mwanzo. Geuza neno, na mwisho utakuwa mwanzo:

```sql
CREATE INDEX mapokezi_stakabadhi_mwisho
  ON mapokezi (reverse(stakabadhi) text_pattern_ops);
ANALYZE mapokezi;

SELECT * FROM mapokezi
WHERE reverse(stakabadhi) LIKE reverse('4417') || '%';
```

ANALYZE ni ya lazima, kwa sababu indeksi ya kitu kilichokokotolewa ina takwimu zake, na bila takwimu makadirio huwa mabovu. Swali nalo lazima liandike `reverse(stakabadhi)` vile vile lilivyo kwenye indeksi. Njia hii inafaa pia namba za simu, ambazo mtu mmoja huziandika kuanzia 0 na mwingine kuanzia +255, wakati tarakimu za mwisho hazibadiliki.

Majina ya watu, na ile alama ya Ng'

Sehemu hii inastahili muda wako kuliko zote, hasa kwa mfumo wa Kanda ya Ziwa. Majina ya Kisukuma yenye ng' huandikwa kwa alama tofauti. Kibodi ya kompyuta inatoa alama iliyonyooka, baadhi ya simu zinatoa iliyopinda, na karani mwenye haraka haandiki kabisa. Kwa hifadhidata hayo ni majina matatu. Muuzaji anakuja na mzigo wake halali, anaambiwa hayumo, anaandikishwa upya, na mwisho wa mwezi hesabu zake zimegawanyika sehemu tatu. Hakuna indeksi ya kutibu hilo kama jina lenyewe halijasafishwa.

Dawa yake ni safu ya pili inayojazwa na hifadhidata yenyewe. Jina kamili kama mtu alivyolitaja linabaki kwenye `muuzaji` na ndilo litakalochapishwa kwenye stakabadhi, kwa sababu jina la mtu ni haki yake. Safu ya pili ni ya kutafutia tu:

```sql
ALTER TABLE mapokezi ADD COLUMN muuzaji_safi text
GENERATED ALWAYS AS (
  btrim(regexp_replace(
    translate(lower(muuzaji), '''’‘`´', ''),
    '\s+', ' ', 'g'))
) STORED;
```

`lower` inaondoa tofauti ya herufi kubwa na ndogo, `translate` inafuta alama zote za aina hiyo, na kilichobaki kinabana nafasi mbilimbili na kukata za pembeni. Usisahau neno STORED: kuanzia toleo la 18 safu za namna hii zisipotajwa hivyo hukokotolewa wakati wa kusomwa, na hizo haziwekewi indeksi.

Kisha indeksi ya mwanzo, kama tulivyofanya kwa stakabadhi:

```sql
CREATE INDEX mapokezi_safi_mwanzo
  ON mapokezi (muuzaji_safi text_pattern_ops);

SELECT * FROM mapokezi WHERE muuzaji_safi LIKE 'ngwandu 4c%';
```

Namna zote tatu za Ng'wandu zitatokea pamoja. Kwa kuwa safu iko katika herufi ndogo, huna haja ya ILIKE, na ni vizuri, maana ILIKE haiwezi kutumia indeksi ya B-tree pale ruwaza inapoanza na herufi za alfabeti. Kilichobaki ni kukumbuka kwamba maneno anayoandika karani nayo yapite kwenye usafishaji ule ule kabla ya kulinganishwa.

Herufi za katikati

Kwa '%wandu%' inabidi kubadili aina ya indeksi. Nyongeza inayoitwa pg_trgm hukata kila neno vipande vya herufi tatu tatu. Neno dagaa, likiwekewa nafasi mbili mbele na moja nyuma, linatoa "  d", " da", "dag", "aga", "gaa" na "aa ". Indeksi ya GIN inahifadhi kila kipande pamoja na orodha ya mistari yenye kipande hicho. Ukitafuta '%wandu%', vipande vyake ni wan, and na ndu. PostgreSQL inachukua orodha tatu, inabakiza mistari iliyomo katika zote, halafu inaihakiki mmoja mmoja.

```sql
CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS pg_trgm;

CREATE INDEX mapokezi_safi_katikati
  ON mapokezi USING gin (muuzaji_safi gin_trgm_ops);

EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
SELECT * FROM mapokezi WHERE muuzaji_safi LIKE '%wandu 4c%';
```

Kuanzia toleo la 13, mwenye ruhusa ya CREATE kwenye hifadhidata anaweza kuweka nyongeza hii bila kuwa msimamizi mkuu. Unachotaka kuona ni hiki:

```
Bitmap Heap Scan on mapokezi
  Recheck Cond: (muuzaji_safi ~~ '%wandu 4c%')
  ->  Bitmap Index Scan on mapokezi_safi_katikati
```

`Recheck` isikutishe. Ni ule uhakiki, kwa kuwa mstari unaweza kuwa na vipande vyote lakini visiwe vimefuatana. Wasiwasi uwepo pale `Rows Removed by Index Recheck` inapokuwa kubwa kuliko mistari iliyopatikana.

Kikomo chake ni herufi tatu. '%wa%' haitoi kipande hata kimoja, na indeksi haina cha kushika. Basi programu imwambie karani aandike angalau herufi tatu kabla ya kutuma swali la katikati ya jina. Herufi mbili ziruhusiwe kwenye utafutaji wa mwanzo tu. Na hata herufi nne hazisaidii kama zimo kwenye sehemu kubwa ya jedwali: '%masa%' kwenye data yetu inagusa moja ya tano ya mistari hivi, na PostgreSQL inaweza kuamua kusoma jedwali lote. Hapo haijakosea. Mwombe karani aongeze jina la pili, au umpunguzie kwa tarehe.

Mtu akiandika Masaru badala ya Masalu, LIKE haitampata kabisa. Kwa hilo pg_trgm ina kipimo cha umbali kati ya maneno, lakini kinahitaji indeksi ya GiST, si GIN:

```sql
CREATE INDEX mapokezi_safi_karibu
  ON mapokezi USING gist (muuzaji_safi gist_trgm_ops);

SELECT muuzaji FROM mapokezi
ORDER BY muuzaji_safi <-> 'masaru 9b1e' LIMIT 10;
```

Hii naiweka kwenye jedwali dogo la wauzaji tu, na kwa kitufe cha pekee cha "majina yanayofanana". Ukiifanya ndiyo utafutaji wa kila siku, karani ataletewa watu kumi na kumlipa asiyehusika.

Mtego wa stakabadhi ishirini za karibuni

Skrini nyingi huonyesha matokeo mapya kwanza: ORDER BY tarehe DESC LIMIT 20. Kama `tarehe` ina indeksi, PostgreSQL inaweza kuacha indeksi ya vipande na kuanza kurudi nyuma kutoka siku ya leo, ikitumaini kupata ishirini upesi. Kwa jina la kawaida inafaulu. Kwa muuzaji aliyeleta mzigo mara mbili tu, inarudi mpaka mwanzo wa jedwali. Dalili yake ni kwamba majina adimu ndiyo yanayochelewa. Lazimisha utafutaji utangulie:

```sql
WITH waliopatikana AS MATERIALIZED (
  SELECT * FROM mapokezi WHERE muuzaji_safi LIKE '%wandu 4c%'
)
SELECT * FROM waliopatikana ORDER BY tarehe DESC LIMIT 20;
```

Neno MATERIALIZED lipo tangu toleo la 12, na ndilo linalozuia sehemu hizo mbili kuunganishwa.

Upande wa programu

Kinga `%`, `_` na mkwaju wa nyuma kwenye maneno ya mtumiaji kabla ya kuongeza asilimia zako. Tuma maneno kama kigezo, usiyaunganishe ndani ya SQL, kwa usalama wa data yako. Kigezo kina jambo lake: swali lililotayarishwa hupangwa upya kwa thamani halisi mara tano za kwanza, kisha PostgreSQL hulinganisha na mpango mmoja wa jumla. Mpango wa jumla haujui ruwaza inaanzaje, na hauwezi kutumia B-tree kwa `LIKE $1`. Mara nyingi mfumo unagundua kwamba mpango huo ni ghali na kuukataa. Ukiona swali linakuwa zito baada ya kutumika mara kadhaa, jaribu `SET plan_cache_mode = force_custom_plan`. GIN haina shida hiyo, kwa sababu hukata vipande wakati wa kutekeleza.

Kwa wanaotengeneza programu ya simu ya kurekodi kwenye mialo ya visiwani, ambako mtandao hukatika, hifadhidata huwa SQLite. LIKE yake haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo indeksi iandikwe na COLLATE NOCASE ndipo itumike, na itahudumia ruwaza za mwanzo pekee.

Kupeleka kazini

Kwenye seva inayotumika, CREATE INDEX ya kawaida huzuia uandishi mpaka iishe. Tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, nje ya muamala. Huchukua muda mrefu zaidi lakini makarani wanaendelea kuandika. Ikikatika njiani huacha indeksi batili inayoendelea kugharimu uandishi bila kusaidia. Ifute, kisha uanze tena. Kuongeza safu ya STORED ni kazi nzito zaidi, kwani jedwali lote huandikwa upya likiwa limefungwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi mingi hupumzika. Panga kazi hiyo usiku wa siku hizo, wakati mapokezi ni machache, na uwaambie wa ghala mapema.

GIN inaongeza gharama kwa kila mstari unaoingia. Kupunguza makali, huweka mistari mipya kwenye orodha ya kusubiri, kawaida mpaka megabaiti 4, halafu huimwaga kwenye indeksi kwa pamoja. Ndiyo maana asubuhi yenye mzigo mwingi utaona stakabadhi moja moja inachelewa ghafla. Ikiwakera watu, zima `fastupdate`, yaani orodha hiyo ya kusubiri, kwenye indeksi hiyo, na gharama itagawanyika sawasawa.

Baada ya mwezi mmoja wa kazi, uliza indeksi zipi zinatumika:

```sql
SELECT indexrelname, idx_scan,
       pg_size_pretty(pg_relation_size(indexrelid)) AS ukubwa
FROM pg_stat_user_indexes
WHERE relname = 'mapokezi'
ORDER BY idx_scan;
```

Yenye sifuri, na ambayo si ya UNIQUE wala ya ufunguo mkuu, ifute kwa DROP INDEX CONCURRENTLY, baada ya kuhakikisha kwamba mhasibu hakuwa likizo mwezi huo.